Niliangalia Kiasi, Sikuangalia Umri: Kulanti ya Pikapu Yangu na Gharama ya Kuisahau

Kwa miaka mitatu na nusu nilifungua boneti ya pikapu yangu kila Jumatatu alfajiri kabla ya kutoka Mafinga, nikamulika tochi kwenye chupa ya akiba ya rejeta, nikaona kulanti, yaani kimiminika cha kupoozea injini, imefika kwenye mstari wa juu, nikafunga boneti na kuondoka moyo ukiwa umetulia. Hakuna siku niliyojiuliza kile kilichomo ndani ya chupa kilikuwa na umri gani. Kosa hilo lilinigharimu zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, siku tisa za kazi, na kovu kwenye mkono wa kijana ambaye sikumzaa mimi, bali mama yake alimleta kwangu nimfundishe biashara.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 2008, injini ya dizeli ya lita 2.5 aina ya 2KD. Nililinunua mtumba mwezi Machi 2019 likiwa limetembea kilomita 128,000. Nina duka la chakula cha mifugo, kwa hiyo kazi yake ni kushuka Morogoro na kupanda na mashudu, chokaa ya kuku, dawa, na mara nyingine maboksi ya vifaranga. Aliyeniuzia alinipa ufunguo, kadi na jeki. Hakunipa daftari la matengenezo, nami sikumwomba. Nilibadilisha oili siku ileile kwa sababu kila mtu huniambia habari za oili, lakini kulanti niliiacha kama nilivyoikuta, nyekundu iliyofifia, nikidhani kwamba kitu kisichopungua hakihitaji kubadilishwa. Leo ningemwambia yeyote anayenunua pikapu iliyokwisha kutumika kwamba gari lisilo na kumbukumbu lihesabiwe kuwa halijawahi kubadilishwa kulanti, na kazi hiyo ifanyike wiki ya kwanza, pamoja na oili.

Baadaye ilianza kupungua kidogo kidogo. Hapo niliongeza kosa la pili juu ya la kwanza, kwa maana kila nilipoona imeshuka nilijaza chochote kilichokuwa karibu: maji ya bomba nyumbani, maji ya dumu pale Mikumi, hata chupa ya maji ya kunywa niliyokuwa nayo kwenye kiti. Safari moja, kijana kwenye kituo cha mafuta alinijazia kulanti ya kijani juu ya ile nyekundu. Nilipomuuliza kama rangi hizo mbili zinapatana, alinijibu, "Mama, kulanti ni kulanti," nami nikamlipa na kumshukuru. Kufikia mwisho wa mwaka 2021 chupa ya akiba ilikuwa na kimiminika cha rangi ya chai ya rangi iliyolala usiku kucha. Niliiona rangi hiyo kwa macho yangu kila Jumatatu, na kwa kuwa ilikuwa imefika kwenye mstari, nilifunga boneti.

Katika kipindi hicho mshale wa joto ulianza kupanda kidogo milimani, nikaenda gereji moja niliyokuwa nikiitumia. Fundi alitoa thamostati, ile vali inayofunguka na kufunga njia ya maji kufuata joto la injini, akaniwekea mkononi, akasema nchi yetu ina joto na kifaa hicho ni cha Ulaya. Nilimwamini kwa sababu nilikwisha kusikia maneno hayo kwa watu wengi. Kilichofuata ni kwamba asubuhi za Juni na Julai, wakati Mafinga inapokuwa na baridi kali, injini ilichukua muda mrefu mno kupata joto lake la kazi, na dizeli ilikwenda zaidi ya kawaida. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kwenye injini nyingi za namna hii thamostati ina kazi mbili: inapofunguka, kwenye nyuzi 80 na ushee, huruhusu maji kupita kwenye rejeta, na wakati huohuo huziba njia ya mkato inayoyarudisha ndani ya injini bila kupoa. Ukiitoa, ile njia ya mkato hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka ndani kwa ndani pasipo kupita kwenye rejeta, hata pale injini inapokuwa imeelemewa na mzigo. Kumbe nilikuwa nimelipa fedha ili kuiongezea injini yangu joto mlimani.

Siku yenyewe ilikuwa ya Oktoba 2022, mvua bado hazijaanza. Nilikuwa nimepakia mashudu karibu tani moja, na kijana wangu alikuwa amekaa kando yangu. Ruaha Mbuyuni tuliikuta ikiwaka jua la saa nane, tukanunua vitunguu, tukaendelea. Anayejua Kitonga anajua kwamba huwezi kuupanda mlima ule kwa mwendo unaoutaka wewe, bali kwa mwendo wa lori lililo mbele yako. Nilipanda kwa gia ya pili nyuma ya semitrela iliyobeba saruji, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, upepo hakuna, na kona haziruhusu kupita. Mshale ulianza kupanda tukiwa bado robo ya mlima. Ulipokaribia alama nyekundu, ghafla ulishuka, nami nikamwambia kijana, "Umeona, umeshapoa." Huo ndio wakati ambao natamani ningeurudisha. Mshale haukushuka kwa sababu injini imepoa, ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yamepungua kiasi kwamba kipima joto hakikuguswa tena na maji, kikawa kinapima mvuke na hewa. Tuliendelea kama dakika tatu au nne hivi, kisha nguvu zikaisha, mlio ukabadilika, na moshi mweupe ukatoka nyuma.

Niliegesha mahali palipokuwa na nafasi kidogo ukutani mwa mlima. Vijana wawili walitokea na dumu la maji ya kijito, kama watokeavyo siku zote pale gari linapochemsha. Kabla sijashuka, kijana wangu, kwa kutaka kunisaidia, alikuwa amekwisha kufungua boneti na kushika kifuniko cha rejeta kwa fulana yake. Nilipiga kelele, lakini kifuniko kilikuwa kimekwisha kuzunguka nusu. Maji ya kahawia yaliruka juu ya kichwa chake na kumwangukia mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo. Namshukuru Mungu uso wake ulikuwa pembeni. Maji ya lile dumu, ambayo yalikuwa yamiminwe kwenye injini, nilimmiminia yeye mkononi taratibu mpaka yakaisha, nikawaomba wale vijana walete mengine, nikaendelea karibu nusu saa. Muuguzi aliyempokea baadaye aliniambia kwamba maji yale ya mfululizo ndiyo yaliyozuia jeraha lisizame, na akanisisitizia kwamba kidonda cha moto hakipakwi dawa ya meno wala mafuta.

Kifuniko cha rejeta si mfuniko wa sufuria. Kina springi inayoshikilia shinikizo, na kwenye Toyota nyingi utaona kimeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Shinikizo hilo ndilo linalozuia maji yasichemke mapema, kwa sababu yakishinikizwa kwa kiasi hicho huchemka kwenye nyuzi karibu 120 badala ya 100. Maana yake ni kwamba ukifungua wakati yako kwenye nyuzi 110, hayapungui joto polepole, sehemu yake hulipuka kuwa mvuke kwa mara moja na kuyarusha nje yaliyobaki. Nasi tunaoishi nyanda za juu tuna hasara zaidi, kwa kuwa kwenye mwinuko wa Mafinga maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi karibu 94 tu. Gari likichemsha, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho hata kama mtaungua kwa joto ndani, kwani nayo ni kama rejeta ndogo ya kusaidia, tafuta mahali salama, zima injini, na usiguse kifuniko mpaka uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu. Maji ya baridi yasimiminwe kwenye injini iliyo moto, kwa sababu hedi ya alumini, yaani kichwa cha injini, huweza kupasuka palepale. Na hita ikianza kupuliza baridi wakati injini ni ya moto, jua kwamba maji yamekwisha, hata kama mshale unasema vingine.

Gari lilivutwa hadi Iringa. Nilipelekwa kwa fundi mzee ambaye amefungua injini za dizeli tangu ujana wake, mtu wa maneno machache. Siku ya pili aliniita nije nione kabla hajasafisha chochote, na ninamshukuru kwa hilo, maana ningeambiwa tu nisingeelewa. Alikuwa ameigeuza hedi juu chini kwenye meza. Kati ya silinda ya pili na ya tatu gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, ilikuwa imeliwa, na mstari mweusi wa masizi ulionyesha njia ambayo moto ulipita kutoka silinda moja hadi nyingine. Pembeni, kwenye matundu ambamo kulanti hupita, alumini ilikuwa na vishimo vidogo vidogo kama mhogo ulioliwa na wadudu. Alichukua bisibisi nyembamba akaichomeka kwenye kishimo kimoja, ikazama. Kisha akanipa wota pampu niishike. Mapanga yake yalikuwa membamba kama karatasi upande mmoja, na kwenye mdomo wa rejeta palikuwa na ukoko mweupe, uleule unaouona ndani ya birika linalochemshia maji ya chumvi kila siku.

"Mama," alisema, "hili gari halikuuawa na Kitonga. Kitonga pamelimalizia tu."

Alinieleza, nami baadaye nikasoma zaidi na kuthibitisha, kwamba kulanti ni maji yaliyochanganywa na glaikoli pamoja na viungo vya kuzuia kutu. Glaikoli hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kuganda, na hiyo yenyewe hukaa muda mrefu. Viungo vya kuzuia kutu ndivyo vinavyokwisha, kwa sababu kazi yao ni kujitoa kidogo kidogo ili kuifunika chuma na alumini. Vikishakwisha, na glaikoli yenyewe ikiwa inaungana polepole na oksijeni kwenye joto na kugeuka kuwa asidi, kile kilichokuwa kinga kinakuwa ndicho kinachokula. Maji ya bomba niliyokuwa nikiongeza yalileta chokaa iliyoganda kwenye mirija ya rejeta, nayo ile ya kijani niliyochanganya na nyekundu ilikuwa na viungo vya aina nyingine, kwa hiyo viwili hivyo vilipunguziana nguvu. Hakuna hata kimoja kati ya haya kinachoonekana kwa kutazama mstari kwenye chupa.

Nilimuuliza, "Mzee, sasa nibadilishe kila baada ya muda gani?" Naye akaniuliza, "Umeweka ipi?" Swali lake ndilo jibu, na ndilo jambo ambalo watu wengi wanaoulizana kuhusu kulanti huliruka. Kulanti ya aina ya zamani, ambayo mara nyingi ni ya kijani, hudumu miaka miwili au kilomita 40,000 hadi 50,000, na ile nyekundu ya Toyota huhesabiwa miaka miwili au kilomita 40,000. Ile ya pinki ya maisha marefu ambayo Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000 hutoka nayo kiwandani hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, na baada ya hapo kila kilomita 80,000 au miaka mitano, lolote litakalotangulia. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa kila mtengenezaji hujichagulia rangi yake, kwa hiyo soma maandishi kwenye dumu na ulinganishe na kitabu cha gari. Ukishachanganya aina mbili, au ukiongeza maji matupu mara kwa mara, miaka mitano imekwisha kupotea: ihesabu kama ile ya miaka miwili, na ukiweza iondoe yote mapema zaidi. Nilipopiga hesabu yangu mwenyewe niliona aibu. Gari lilipokufa lilikuwa na kilomita 201,000, yaani mimi peke yangu nilikuwa nimelitembeza kilomita 73,000 kwa kulanti ambayo hata siku ya kwanza haikuwa na mtu wa kuitolea ushahidi.

Gharama nilizoandika kwenye daftari ni hizi: kuvutwa 350,000, kupima hedi kama ina ufa na kuisawazisha kwenye mashine 120,000, seti ya gasketi 180,000, wota pampu 160,000, rejeta 280,000, ufundi 250,000, oili na filta 110,000, kulanti na thamostati mpya 125,000. Jumla ni shilingi 1,575,000, na hapo sijahesabu matibabu ya kijana wala oda ya vifaranga niliyoshindwa kuichukua. Hedi ingekuwa na ufa, ningelipa zaidi ya mara mbili. Kubadilisha kulanti kwa wakati wake kungenigharimu chini ya laki moja na nusu pamoja na ufundi.

Sehemu ya kujaza ndiyo niliyojifunza mengi kuliko nilivyotarajia, na ndiyo ambayo gereji nyingi huifanya kwa haraka. Mfumo wa gari langu unabeba kama lita kumi. Ukifungua koki ya chini ya rejeta hutoka karibu lita sita tu, zilizobaki hujificha ndani ya injini na kwenye hita. Fundi mzee aliijaza maji safi, akaiwasha hita, akaiacha injini izunguke, akamwaga, akarudia mara nne mpaka yaliyotoka yakawa meupe, na mara ya mwisho alitumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyoondolewa chumvi na chokaa. Kufikia hapo ndani ya injini kulikuwa na lita nne za maji matupu. Kama angemimina lita sita za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, ningebaki na glaikoli lita tatu katika lita kumi, asilimia 30 badala ya 50. Kwa hiyo alinunua ile nzito isiyochanganywa, akatia lita tano kwanza, kisha akamalizia kwa maji yaliyokenekwa. Angalia neno linaloandikwa kwenye dumu: iliyo tayari humiminwa kama ilivyo, nzito huchanganywa, na nzito tupu bila maji haipoozi vizuri. Maji yaliyokenekwa ni yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri, lakini uwe mwangalifu sana dukani, kwa sababu chupa zake hukaa rafu moja na asidi ya betri na watu huviita vyote viwili maji ya betri.

Baada ya kujaza, gari liliegeshwa pua ikiwa juu ya mwinuko, kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, injini ikanguruma taratibu mpaka thamostati ikafunguka na mapovu yakaacha kutoka. Hewa ikibaki ndani, gari linaweza kuchemsha likiwa limejaa kulanti mpya. Siku mbili zilizofuata nilikagua injini ikiwa baridi, na kila siku nikaongeza kidogo.

Kuna jambo dogo ambalo halijanitoka. Kulanti ya zamani ilikuwa imekingwa kwenye karai, na mbwa wa pale gereji alikuja kuinusa. Yule mzee, ambaye alikuwa chini ya gari, alitoka mbio na kumfukuza, kisha akaimimina yote kwenye dumu na kulifunga. Aliniambia kwamba ni tamu, na mnyama akiilamba figo zake huharibika. Mimi mwenye kuku na mbuzi uani nilikuwa nimewahi kuona ikimwagwa chini mara nyingi bila kusema neno. Siku hizi ikibadilishwa nabaki hapohapo mpaka dumu lifungwe, na watoto nawaweka mbali.

Nilichagua kuendelea na ile ya pinki, lakini sisubiri miaka mitano. Kwa mzigo ninaobeba na mlima ninaoupanda kila wiki nimejiwekea miaka mitatu au kilomita 60,000. Huo ni uamuzi wangu, si agizo la kitabu, na anayeendesha pikapu tupu mjini anaweza kukifuata kitabu chake bila wasiwasi. Katikati ya muda huo bado nafungua boneti kila Jumatatu, lakini siangalii mstari tu: naangalia rangi, natafuta vitu vinavyoelea, nakagua ukoko mweupe au wa kijani kwenye viungio vya mipira, na nikisikia harufu tamu ndani ya kabini sisafiri siku hiyo. Kipo kifaa cha kupimia kiasi cha glaikoli, nacho ni kizuri, ila kinaweza kukuonyesha asilimia 50 kamili wakati viungo vya kuzuia kutu vimekwisha zamani, kwa hiyo hakichukui nafasi ya tarehe.

Oktoba 2025 niliirudisha Iringa kwa mzee yuleyule. Kijana wangu ndiye aliyeiendesha, maana sasa ana leseni na safari nyingi za Morogoro ni zake. Alisubiri saa nzima injini ipoe, akakunja taulo mara mbili juu ya kifuniko, akakizungusha hadi kituo cha kwanza, akasikiliza, ndipo akakitoa. Kilichoshuka kwenye karai kilikuwa bado cha pinki, kimefifia kidogo, bila chembe ya kutu. Kazi ilipokwisha alibandika kipande cha utepe mweupe chini ya boneti, juu ya kile cha 2022, akaandika kwa kalamu nzito: Oktoba 2025, kilomita 259,400, pinki, nusu kwa nusu.